Mshono Uonekane: Picha Juu ya Picha, Kutoka Lubumbashi hadi Ufuko wa Moero

Katika mfululizo wa picha ambao Sammy Baloji aliutoa mwaka 2006 kwa jina la Mémoire, wafanyakazi wa zamani wa kampuni ya migodi ya Union Minière wamesimama mbele ya karakana za Gécamines, mrithi wake, zilizonyamaza. Watu hao wametolewa kwenye picha za nyeusi na nyeupe zilizopigwa enzi ya Mbelgiji na kuhifadhiwa katika nyaraka za kampuni. Karakana zenyewe Baloji alizipiga kwa rangi: vyuma vilivyoliwa na kutu, mabati yaliyong'oka, udongo mwekundu, na anga pana la Katanga juu yake. Ukisogea karibu unaona wazi kabisa pale kijivu cha mtu kinapoishia na wekundu wa udongo unapoanzia. Angeweza kuwapaka rangi wale watu, akalainisha kingo zao, akatuaminisha kwamba walikuwapo siku ile. Hakufanya hivyo. Mshono ameuacha uonekane, na nguvu yote ya kazi ile imo humo.

Baloji ni mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1978, akasoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kabla ya kwenda kujiongezea ujuzi Strasbourg. Mémoire ilimpatia tuzo katika maonyesho ya picha ya Bamako mwaka 2007. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha Picha, kituo cha sanaa kilichoizaa Biennale ya Lubumbashi. Tangu hapo, jina la mji wetu likitajwa katika majumba ya sanaa ya dunia, mara nyingi linafuatana na picha zenye tabaka: zamani juu ya sasa, nyaraka juu ya mandhari.

Nayasema haya kwa sababu ya wapiga picha vijana ambao siku hizi wanaupenda sana mtindo wa kupiga picha juu ya picha, hasa wakifika penye maji. Mwalimu wao wanamtafuta mbali. Yupo hapa hapa, na somo lake kubwa ni mshono huo.

Kwanza maji yenyewe. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na bahari yoyote iko mbali nasi. Pwani ya Kongo, kule Muanda, ni kipande cha kilomita zipatazo 40 tu, na kwetu iko mbali kuliko pwani ya Tanzania: kwa mstari wa ndege Dar es Salaam ni kama kilomita 1,400, Muanda inapita 1,700. Lakini jimbo letu la Haut-Katanga lina ufuko wake. Ukishika barabara ya kaskazini-mashariki ukafika Kasenga, uko kwenye mto Luapula. Ukiendelea hadi Kilwa, na mbele zaidi Pweto, uko kwenye ziwa Moero, maji ya zaidi ya kilomita za mraba 5,000, tunayogawana na Zambia. Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na kule Pweto maji hutoka kwa jina jingine, Luvua, yakielekea kukutana na Lualaba. Pana mawimbi pale, pana mchanga, pana upepo unaobadilika asubuhi na jioni, pana mitumbwi na nyavu zilizoanikwa. Anayetaka kupiga picha za ufuko hana haja ya kusubiri nauli ya kwenda Zanzibar.

Tatizo ni picha zinazorudi kutoka huko. Nyingi ni ile ile: kichwa cha msichana kilichopigwa ubavuni, cheusi, na ndani yake mawimbi na jua linalozama. Inapendeza kwa sekunde tatu. Maji yale yanaweza kuwa ya Moero, ya Tanganyika, au ya kisiwa ambacho mpiga picha hajawahi kukikanyaga na picha yake ameishusha kutoka intaneti. Msichana naye hana uhusiano wowote na maji hayo. Tabaka mbili zimewekwa pamoja kwa kuwa kamera au simu inaweza kuziweka pamoja, basi. Nadhani ufundi huu unastahili matumizi bora kuliko hayo, na kwa ufuko unafaa kuliko kwa mandhari nyingine yoyote, maana ufuko haukai. Mstari wa maji ulioupiga sasa hivi, baada ya pumzi moja haupo tena pale.

Namna kazi yenyewe inavyokwenda ni rahisi kueleza. Katika kamera ya filamu, shata ikifunguka mwanga unaandika juu ya filamu. Kwa kawaida unasogeza filamu ili picha inayofuata ipate mahali pake. Usipoisogeza, ukafungua shata tena, mwanga wa pili unaandika juu ya ule wa kwanza. Mwanga hujumlishwa, hautolewi. Kwa hiyo kila pigo lazima lipunguzwe, la sivyo picha nzima itaungua ikawa nyeupe. Ukipiga mara mbili, kila pigo lipewe nusu ya mwanga wa kawaida, yaani stopu moja chini. Mara nne, stopu mbili chini. Mara nane, stopu tatu. Mafundi wa studio za zamani walizijua hesabu hizi kwa vichwa vyao.

Jambo ambalo wanaoanza hawalishiki upesi ni kazi ya giza. Pale ambapo pigo la kwanza limeacha weusi mtupu, filamu bado iko wazi, haijaandikwa kitu. Hapo ndipo pigo la pili litakaa. Pale ambapo pigo la kwanza limeacha weupe, mathalani anga la saa sita mchana, hapapokei tena chochote. Ukiupiga mtumbwi ukiwa mweusi mbele ya maji yanayong'aa, kisha ukapiga nyavu karibu karibu, nyavu hazitaonekana angani wala majini. Zitaonekana ndani ya mtumbwi tu, kana kwamba mbao zake zimefumwa kwa nyuzi. Kwa hiyo anayepiga tabaka la kwanza kazi yake kubwa ni kuamua giza likae wapi, na hilo huamuliwa kabla ya kufikiria tabaka la pili.

Wazo la kuunganisha picha za ufuko ni la zamani karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga bahari, huko Normandie na baadaye Sète, kwenye pwani ya Mediterania. Dawa za wakati ule ziliona buluu kupita kiasi. Ukiipa bahari muda unaotosha, anga linaungua lote, mawingu yanapotea. Ukilipa anga muda wake, bahari inakuwa giza. Le Gray akapiga negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, akazichapa kwenye karatasi moja, kiungo akakiweka sawasawa kwenye upeo wa macho. Picha yake ya wimbi kubwa la Sète, ya mwaka 1857, iliwashangaza watu wa London na Paris, kwa sababu hawakuwahi kuona picha yenye mawingu na mawimbi yaliyotulia pamoja namna ile. Baadaye watazamaji makini wakagundua kwamba anga moja lilitumika juu ya bahari zaidi ya moja. Mtu huyo alimalizia maisha yake Afrika: alifariki Kairo mwaka 1884.

Sina ugomvi na Le Gray. Alikuwa anatatua tatizo la dawa, na macho yake yalikuwa makali. Lakini mshono wake aliuficha, na kwa kuuficha alituachia mazoea ambayo hadi leo yanatawala picha za ufuko: kwamba picha nzuri ni ile ambayo hujui imeunganishwa wapi. Programu za leo zinalifanya jambo hilo kwa kubonyeza mara moja. Simu inabadilisha anga lenye moshi la Katanga ya mwezi wa nane kuwa anga la buluu lenye mawingu ya pamba, na mwenye simu anaona ameboresha. Moshi ule ulikuwa habari. Ni wakati wa kiangazi, majani yanachomwa kila upande, na jua likichomoza ni duara jekundu unaloweza kulitazama bila kufumba macho. Aliyeufuta ameufuta mwezi wenyewe.

Wapo waliofuata njia nyingine, na si Baloji peke yake. Kisiwani Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, fundi aliyejifundisha mwenyewe, akapiga picha mitaani kwa miaka kabla ya kufungua studio yake. Bakor alikata, akabandika, akaunganisha: sura ya mtu ikatokeza ndani ya ua, na mteja akatoka studio akiwa mahali ambapo hapako duniani. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend ameandika kwa kirefu juu ya upigaji picha wa pwani ya Kenya, na kazi za Bakor zimo. Ninachokipenda kwa Bakor ni kwamba hakuna mteja wake aliyedanganywa. Kila mtu Lamu alijua kwamba hakuna aliyewahi kukaa ndani ya ua. Kiungo kilikuwa sehemu ya furaha.

Kinshasa yupo Gosette Lubondo, aliyezaliwa mwaka 1993. Mwaka 2016 aliingia kwenye mabehewa ya treni yaliyoachwa, akatengeneza Imaginary Trip: abiria wamekaa kwenye viti vilivyochakaa, na baadhi yao miili yao inapitisha mwanga, unaona kiti nyuma ya mgongo wa mtu. Miaka miwili baadaye alifanya hivyo katika shule iliyoachwa ya Gombe-Matadi, huko Kongo-Central. Hapo mshono ni uwazi wa mwili wenyewe. Unamwona mtu, na papo hapo unajua kwamba hayupo. Sijui mbinu inayofaa zaidi kwa mahali ambapo watu walikuwapo wengi na sasa wamebaki wachache, na majengo ya namna hiyo hapa kwetu, kutoka Likasi hadi Kolwezi, hayahesabiki.

Baloji mwenyewe aliyarudia mandhari katika kazi yake ya mwaka 2011, Congo Far West. Kati ya 1898 na 1900 msafara wa Charles Lemaire ulizunguka Katanga kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukiwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga picha, François Michel. Dardenne alichora mandhari kwa rangi za maji: vilima, miti, mito, anga laini. Michel alipiga picha za watu, wamesimamishwa, wengine kama vielelezo vya kupimwa. Kazi zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Baloji alipopewa nafasi ya kufanya kazi humo, pamoja na mshairi Patrick Mudekereza, aliwachukua watu wa Michel akawaweka mbele ya mandhari za Dardenne. Mchoraji aliona nchi nzuri. Kamera iliona watu waliolazimishwa kutulia. Ni nchi hiyo hiyo, msafara huo huo, ila macho mawili yalitenganishwa kwenye makabati mawili kwa zaidi ya miaka mia. Kuyaweka kwenye karatasi moja kulitosha, na hakukuhitaji maneno mengi ukutani.

Kwa hiyo sheria ninazozichukua kutoka kwa watu hawa ni mbili. Tabaka ziwe za mahali pamoja, na kiungo kisifichwe. Twende nazo Moero.

Upande wetu wa ziwa, Kilwa inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza majini. Mpiga picha wa Nchelenge, ng'ambo ya Zambia, yeye anapata machweo nyuma ya vilima vya Kongo. Simama ufukweni Kilwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi ikielekea mashariki. Kamera ikiwa ya dijitali, iweke katika hali ya kuchagua mwangavu zaidi, ile ambayo kila nukta ya picha inabaki na mwanga mkubwa kuliko yote iliyoupata. Jua lina upana wa nusu digrii na husogea digrii moja kila dakika nne. Ukipiga kila baada ya dakika nne, utapata maduara yaliyopangana, kati ya duara na duara nafasi ya jua moja. Hapa kuna kitu ambacho picha za Ulaya haziwezi kukupa. Sète iko mbali kaskazini, jua lao hupanda likilala upande, kama anayepanda kilima kwa njia ya kuzunguka. Kilwa iko karibu digrii tisa tu kusini mwa ikweta, jua letu hupanda karibu wima, likiinama kidogo sana kuelekea kushoto, yaani kaskazini. Safu yako ya maduara itasimama juu ya maji kama mlingoti. Anayeiga picha za Wazungu kwa kuyaweka maduara yake kwenye kompyuta yakilala upande anakuwa ameihamisha Kilwa bila kujua. Tahadhari moja: jua likishapoteza wekundu wake usilitazame kupitia tundu la kamera. Tumia kioo cha nyuma.

Kwa mitumbwi, hali inayofaa ni ile iliyo kinyume, ya kuchagua cheusi zaidi. Maji ya asubuhi ni meupe, mtumbwi ni mweusi. Mvuvi anaporudi kutoka usiku, piga alipo mbali, piga tena amekaribia, piga anaposhusha kasia, piga anaporuka majini kuvuta. Weusi wake utabaki kila mahali alipopita, na maji yatabaki meupe bila kuungua, wala huna haja ya kupunguza stopu hata moja. Unapata safari yake yote katika picha moja. Nimeona watu wakilifanya jambo hili kwa ndege wa majini na likatoka pambo tu, kwa kuwa hawakusubiri. Kwa mvuvi, nafasi kati ya mtumbwi na mtumbwi ndiyo kipimo cha uchovu wake: zinaanza mbali mbali, na karibu na ufuko zinabanana, maana anapambana na upepo. Hilo huwezi kulipanga, linakuja lenyewe ukiwa na subira na ukipiga kwa muda ulio sawa.

Usiku kuna taa. Wavuvi wa chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani na kuletwa Lubumbashi kwa magunia, huwavuta kwa mwanga. Rudi kwenye hali ya mwangavu zaidi, usisogeze stendi, na piga kila baada ya muda. Giza la ziwa linapokea kila taa. Baada ya saa moja utaona wapi taa zimekusanyika na wapi hakuna hata moja, na hapo unayo ramani ya uvuvi ambayo wavuvi wenyewe wataisoma haraka kuliko wewe. Waoneshe asubuhi. Ni adabu, na isitoshe ndiyo njia ya kujua ulichokipiga.

Kuhusu maji kuwa laini kama moshi, picha ambayo kila mtu anaitaka: wengi hununua kichungi cheusi cha kuweka mbele ya lenzi ili shata ikae wazi muda mrefu. Asiye na kichungi apige mara nane au kumi, kwa hali ya wastani, na kamera itachanganya mawimbi yote kuwa ukungu mmoja. Inafanya kazi vizuri. Kwangu mimi lakini maji yaliyolainishwa kila mara ni hasara, kwa kuwa wimbi la Moero lina sura yake, fupi na la ghafla, na upepo wa mchana ukianza wavuvi wanaliogopa.

Hayo ni matabaka ya asubuhi moja au usiku mmoja. Yapo mengine ya muda mrefu zaidi, na hapa ndipo ufuko wa Moero unapodai kitu kwa mpiga picha.

Kasenga, kati ya vita kuu mbili za dunia, ilikuwa mji wa samaki na barafu. Wafanyabiashara Wagiriki walijikita pale, wakawa na boti na mitambo ya barafu, na samaki wa Moero na Luapula wakasafirishwa hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Shaba ya mji wetu, ambayo tanuru lake liliwashwa mwaka 1911, ilitegemea pia ziwa hili. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda Luapula wakati wa mvua kutaga mayai, na nyavu zilimsubiri njiani akiwa na mayai tumboni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 samaki huyo alianguka, na hakurudi tena kwa wingi ule wa zamani. Picha ya leo ya ufuko wa Kasenga, nzuri namna gani, haiwezi kuonesha samaki ambaye hayupo. Picha mbili, moja juu ya nyingine, zinaweza: boti iliyojaa, kutoka albamu ya familia au nyaraka za wakati ule, ndani ya giza la mtumbwi wa leo. Anayejua atauona upungufu mara moja, na asiyejua atauliza.

Kilwa nayo ina Oktoba 2004. Kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, na jeshi la serikali lilipourudisha mji, raia waliuawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja zaidi ya watu 70. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi ya Katanga, na mwaka 2007 washtakiwa wakaachiwa kuhusu mauaji hayo. Familia zipo, zinaishi kwenye ufuko huo huo ambao sisi tunakwenda kupiga jua likichomoza. Simwambii mtu apige picha gani. Nasema tu kwamba anayeweka tabaka mbili Kilwa ajue mahali alipo, na asichukue sura ya marehemu wa mtu kwa kuwa inapendeza ikiwa inapitisha mwanga. Picha ya marehemu ni ya familia kwanza. Ikitolewa, itolewe kwa mkono wao, na ikikataliwa, basi ufuko ubaki bila mtu na mpiga picha anyamaze.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi ya Baloji na wanaomwiga kwa haraka. Hakuokota picha za wafanyakazi mahali popote. Alikuwa mjini mwake, akifanya kazi ya kuandika urithi wa majengo ya Katanga, akakutana na nyaraka za kampuni iliyowalea wazee wetu, ile ambayo Lubumbashi nzima iliisema kwa maneno kazi njo mama, kazi njo baba. Watu waliosimama mbele ya karakana walikuwa wamefanya kazi katika karakana za namna hiyo. Nyakati mbili, ya zamani na ya sasa, zilidaiana. Ukilichukua somo hilo ukaenda nalo ziwani, hutaweka tena mawimbi ndani ya kichwa cha msichana. Au utayaweka, lakini awe ni msichana wa Pweto, na mawimbi yawe yale anayochotea maji.

Mjini kwetu pia kuna zoezi la kuanzia kabla ya kupata nauli. Lundo la takataka za tanuru, lile jeusi lililokaa kando ya bomba refu la moshi, limekuwa likipunguzwa tangu miaka ya 2000 kwa sababu ndani yake bado kuna kobalti na shaba. Kila nyumba ina picha ya zamani ambayo lundo hilo liko nyuma, kwenye arusi, kwenye ubatizo, kwenye timu ya mpira. Tafuta mahali picha ile ilipopigwa, simama pale, linganisha bomba na bomba, halafu piga. Bomba halijasogea, kwa hiyo ndilo litakalokushikia vipimo. Mstari wa lundo wa zamani utaelea hewani juu ya ule wa leo, na pengo katikati ni uzito uliokwishabebwa na malori.

Moero hakuna bomba la kushikia vipimo, lakini kuna miamba. Na ziwa lenyewe hupanda na kushuka: kwa wastani maji huwa juu kabisa mwezi wa Mei na chini kabisa Januari, tofauti ya karibu mita moja na sentimita 70. Mvua huisha Aprili, lakini maji ya Luapula huchelewa kwenye mabwawa ya Bangweulu, ndiyo maana ziwa linajaa wakati sisi huku Lubumbashi tumeshaanza kuvaa sweta. Ufuko ulio na miteremko midogo ukishuka mita moja na ushee, maji yanarudi nyuma hatua nyingi, na pale palipokuwa na mitumbwi sasa watoto wanacheza mpira.

Mfululizo huo bado sijauona kwa mtu yeyote, na ningependa kijana wa Kilwa au Pweto auanze. Mei, chagua mwamba usiofunikwa na maji, pima urefu wa stendi kwa kamba na uifunge fundo, andika lenzi uliyotumia na saa uliyopiga. Piga wakati ufuko uko gizani na maji yanang'aa, ili mchanga ubaki na nafasi. Kamera kadhaa za Canon na Nikon zinakuruhusu kuchagua picha ghafi iliyo kwenye kadi iwe tabaka la kwanza, na zinaionesha hafifu kwenye kioo wakati unapiga la pili, kwa hiyo mwamba wa Januari utaulaza juu ya mwamba wa Mei bila kubahatisha. Mstari wa maji ufukweni utaonekana mara mbili, mmoja juu ya mwingine. Usiusahihishe, ndio mshono. Na ile picha ya Mei usiifute kwenye kadi kwa sababu ya arusi za Agosti.